Finding Nemo kwenye shuka la sita kwa sita: uzoefu wangu wa kuionyesha kwa watoto wa pwani ya Mtwara

Katika katuni zote ninazowaonyesha watoto huku Mtwara, Finding Nemo ndiyo ninayoirudia bila kusita, na ndiyo inayodai maandalizi kuliko nyingine. Ilitengenezwa na studio ya Pixar ya Marekani chini ya mwongozaji Andrew Stanton, ikatoka mwaka 2003, ina dakika 100, na mwaka 2004 ilichukua Oscar ya filamu bora ya katuni. Hayo mtu anayasoma kwenye kasha la DVD. Kasha halisemi itakavyopokewa na mtoto wa Msangamkuu au Mikindani ambaye mzia anamjua, bunju ameonywa asimle, papa mkavu amemla kwa ugali, na baba yake huenda yuko baharini saa hiyohiyo picha inapoendelea.

Kisa ni hiki. Marlin ni samaki mdogo wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe, anakaa ndani ya anemoni, mnyama laini wa baharini mwenye minyiri inayouma, kwenye matumbawe ya Australia. Mzia anawavamia, na Marlin anampoteza mkewe pamoja na mayai yao yapatayo mia nne. Linabaki yai moja. Huyo ndiye Nemo, mtoto ambaye pezi lake la kulia limekuwa dogo. Baba anamlea kwa woga mtupu. Siku ya kwanza ya shule mtoto anambishia baba mbele ya wenzake, anaogelea hadi kwenye mashua, mzamiaji anamkamata, na anaishia kwenye tangi la vioo katika chumba cha daktari wa meno jijini Sydney. Baba anamfuata akiwa na Dory, samaki wa buluu wa jamii ya kangaja ambaye kumbukumbu yake haidumu hata dakika chache.

Ninaipenda kwa sababu kichekesho na funzo vimetoka shina moja. Katuni nyingi huchekesha kwanza, kisha muziki unapoa, mhusika anatoa hotuba, na watoto wanaanza kupiga soga. Hapa usahaulifu wa Dory unaowavunja watu mbavu ndio huohuo utakaowaliza baadaye. Woga wa Marlin unachekesha pale anapotoka nje ya anemoni, anarudi, anatoka tena, kuhakikisha kwamba hakuna hatari. Lakini aliyeona mwanzo wa filamu anajua kwa nini anafanya vile. Hakuna pa kukata. Ukiondoa kichekesho, funzo nalo limeondoka.

Tuanze na dakika tano za mwanzo, maana ndizo zinazowasumbua wazazi. Mzia anatokea ghafla, Marlin anapigwa na kuzimia, akizinduka mkewe hayupo. Kifo chenyewe hakionyeshwi, wala damu. Kinachotisha ni ukimya. Watoto wa miaka sita na kuendelea wanastahimili vizuri kama wameketi karibu na mtu mzima, na kwao sikati kitu, kwa sababu asiyeuona mwanzo atamwona Marlin ni mzee msumbufu tu, na nusu ya filamu itampita. Kwa walio chini ya miaka mitano naanzia asubuhi ya shule, Nemo anapomwamsha baba yake kwa furaha. Wadogo hao hawakosi mengi, kwani wamekuja kuangalia rangi na vituko. Penye watoto waliofiwa na mzazi karibuni, ongea na walezi wao mapema, uwaambie wazi kwamba mama anakufa mwanzoni. Usiwaachie wakagundue gizani.

Sehemu nyingine mbili zinatisha. Ya kwanza ni papa mkubwa aitwaye Bruce: yeye na wenzake wameapa kuacha kula samaki, lakini akinusa damu kidogo kiapo kinaruka na anaanza kuwafukuza wageni wake. Watoto wa wavuvi hapa wanacheka kuliko wanavyoogopa, kwa sababu papa anayejizuia asile ni kichekesho kikubwa kwao. Ya pili ni samaki wa kilindini mwenye taa kichwani, na hii inaleta taabu ya kiufundi kabla ya taabu ya woga.

Taabu yenyewe ni kwamba picha ile ni nyeusi karibu yote. Ukianza kuonyesha mapema, anga ikiwa bado na mwanga, shuka litabaki tupu na watoto watapiga kelele wakidhani umeme umekatika. Jua huku huzama kati ya saa 12 na saa 12:45 jioni kulingana na mwezi. Mimi naanza kama dakika 25 baada ya jua kuzama, Magharibi ikiwa imeshaswaliwa. Muda huo una faida nyingine inayonifurahisha kila mara: karibu na nusu ya filamu Marlin anatoka kwenye kundi la yavuyavu akiwa hoi na anazimia, picha inafifia, na hapo ndipo adhana ya Isha inapokaribia. Unasimamisha hapo, watu wanaswali, wadogo wanapelekwa kujisaidia, kisha mnarudi kwenye tangi, na baada yake kwa kasa na mwanga wa juu ya maji. Kama filamu ingepangwa kwa ajili ya ratiba ya pwani, isingekatwa vizuri zaidi. Hesabu mapumziko ya nusu saa, na kabla ya saa 3:30 usiku kila mtoto yuko njiani kwenda kwao.

Vifaa havihitaji kuwa vya gharama. Projekta ya lumeni 3,000 halisi inatosha. Zile ndogo za bei rahisi huandikwa namba kubwa kwenye boksi, lakini mwanga wake ni hafifu, na filamu hii itakuumbua kwa sababu sehemu kubwa iko chini ya maji yenye kiza. Shuka jeupe la sita kwa sita, lisilo na maua, linakupa picha ya upana wa sentimita 180 na kimo cha kama sentimita 100, kwani picha ya DVD hii ni ya 16 kwa 9. Mstari wa nyuma usizidi mita saba kutoka kwenye shuka. Ukizidi hapo watoto wa nyuma wataanza kusimama, na wakisimama wao, hakuna tena anayeona. Ukitaka kuketisha zaidi ya watoto arobaini, shona mashuka mawili na usogeze projekta nyuma.

Kwenye miezi ya kusi upepo ndio adui. Shuka lililofungwa kwa kamba juu pekee linavimba kama tanga, na Nemo anarefuka na kufupika. Pitisha fito kwenye upindo wa chini, funga pembe zote nne, na uchague ukuta unaokinga kusi, si uwanja ulio wazi kuelekea baharini. Futa lenzi kabla ya kuanza na wakati wa mapumziko, kwa kitambaa laini kikavu, maana mvuke wa chumvi huganda bila kuonekana na picha inakuwa na ukungu ambao mtu anadhani ni projekta mbovu. Kama projekta yako ni ya balbu, usiichomoe ghafla baada ya kuzima. Acha feni ipulize mpaka inyamaze yenyewe. Jenereta liweke mbali, mita ishirini au zaidi, upande upepo unakoelekea, la sivyo moshi na mngurumo vitawafikia watazamaji.

Kuhusu sauti, wengi wanatumia sabufa ya nyumbani, na inafaa, ila punguza besi karibu yote. Besi ikijaa, muziki wa Thomas Newman unageuka mvumo na maneno ya wahusika yanamezwa. Dory anapoongea na nyangumi kwa sauti ya kuvuta, hapo ongeza kidogo, kwani ni kicheko cha kwanza hadi cha mwisho na hakihitaji lugha yoyote.

Nakala ninayotumia ina sauti ya Kiingereza, kwa hiyo nasimulia kwa maikrofoni. Kanuni yangu ni kusema kabla ya tukio, kisha kunyamaza. Msimuliaji wa vibanda vya video anayeongea mwanzo hadi mwisho anafaa kwa filamu ya ngumi, lakini hapa anaua kila kitu. Sentensi moja inatosha: "Sasa wamefika kwenye mkondo mkubwa, wanatafuta njia ya Sydney," basi. Shakwe wa bandarini wanaorudia neno moja kila mmoja akidai mali, sema "changu, changu" mara moja tu na watoto watamalizia wenyewe mpaka kesho yake. Kikao cha papa kimeigwa kutoka kwenye vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe. Mtoto hahitaji kuelezwa hilo. Mtu mzima ataling'amua na kucheka kivyake.

Sasa nifike kwenye jambo linaloifanya filamu hii nisiichoke. Imeweka wazee watatu wanaolea kwa njia tatu, na haimtukuzi yeyote bila kumhoji. Marlin anashika mno. Anamhesabia mtoto mapezi, anamkumbusha udhaifu wake mbele ya wenzake, na ni aibu hiyo inayomsukuma Nemo kwenye mashua. Hofu ya baba imezaa hatari ileile iliyokuwa inaikimbia. Kwenye tangi yupo Gill, samaki mwenye kovu na pezi lililoraruka. Nemo akinasa kwenye bomba la chujio, wenzake wanakimbilia kumvuta, Gill anawazuia na kumwelekeza ajitoe mwenyewe. Nemo anajitoa. Kwa mtoto mwenye kilema sijaona tukio zuri kama hilo kwenye katuni: hakuna anayemhurumia, hakuna anayemponya, na pezi linabaki dogo hadi mwisho wa filamu.

Lakini angalia filamu inavyomgeukia Gill. Mpango wake wa kutoroka unamtuma Nemo aingie kwenye mashine ya chujio akaikwamishe kwa kokoto. Kokoto linachomoka, panga za mashine zinazunguka tena, mtoto anakaribia kusagwa. Gill anakiri kwamba tamaa yake ya kurudi baharini ilimfanya ahatarishe maisha ya mtoto. Kwa hiyo asije mtu akasema filamu inafundisha kuwaachia watoto wafanye watakalo. Inaonyesha mzee anayebana kwa sababu ya kidonda chake, na mzee anayesukuma kwa sababu ya haja yake.

Wa tatu ni Crush, kasa anayedai kuwa na miaka 150. Mwanawe Squirt anachomoka nje ya mkondo. Marlin anaruka kumwokoa, Crush anamzuia: ngoja tuone atafanya nini peke yake. Mtoto anarudi mwenyewe akishangilia. Marlin anauliza utajuaje kwamba wako tayari, na jibu la kasa ni kwamba hujui kwa hakika, ila wao wakijua, nawe utajua. Kwenye mapumziko ya Isha huwa nawaomba wazazi wakae karibu kwa kipande hicho, kwani hakichelewi kufika. Baba mvuvi anayejiuliza ni lini mwanawe apande ngalawa kwa mara ya kwanza anaelewa swali la Marlin bila tafsiri yoyote. Msikatize hapo. Msiulize maswali ya darasani hapo.

Dory naye anahitaji uangalifu. Mwanzoni watoto wanamcheka hasa, na ni sawa, filamu imekusudia hivyo. Usiwakemee. Karibu na mwisho Marlin anaamini mwanawe amekufa na anaanza kuondoka, na Dory anamsihi asimwache kwa sababu akiwa naye anakumbuka mambo. Kicheko kinakatika chenyewe kwenye hadhira. Nyumba nyingi zina bibi au babu aliyeanza kusahau majina, na watoto wanaungana na picha hiyo haraka kuliko watu wazima. Baada ya filamu, swali moja linatosha: Dory alisahau nini, na hakusahau nini? Hakusahau ujasiri wake, wala hakusahau kusoma. Bila yeye anwani iliyoandikwa kwenye miwani ya kuzamia isingesomeka, na safari isingekuwepo.

Kipande kigumu zaidi kwa pwani yetu ni cha wavu. Dory ananaswa pamoja na samaki wengi, Nemo anajua mbinu: wote waogelee kwenda chini kwa pamoja mpaka kamba ikatike. Marlin lazima amruhusu mtoto aingie ndani ya wavu, na hicho ndicho kilele cha yote aliyojifunza. Watoto wanashangilia wavu unapokatika. Halafu mmoja, mara nyingi mtoto wa mwenye wavu, anauliza wale wavuvi watakula nini. Ni swali la haki na filamu haina jibu lake. Ninachowaambia ni kwamba filamu inaongea kwa niaba ya samaki, kama hadithi za sungura zinavyoongea kwa niaba ya sungura, na kwamba kula samaki si dhambi. Kisha nawauliza wao wanajua wavu upi unaacha samaki wadogo wapite. Wanajua. Watoto wa Naumbu watakueleza habari za matundu ya nyavu kuliko utakavyowaeleza wewe.

Kuna mambo ambayo filamu inayapotosha na ni wajibu wa mwonyeshaji kuyasahihisha usiku uleule. La kwanza ni yavuyavu. Marlin na Dory wanacheza kwa kuruka juu ya migongo yao, kwa kanuni kwamba minyiri ndiyo inayouma na mgongo hauumi. Baharini usijaribu: wapo yavuyavu ambao hata sehemu ya juu inauma. Mtoto anayeogelea Shangani lazima asikie hili kwa sauti. La pili ni ule mlipuko wa mabomu ya zamani ya vita, ambao papa wanaunusurika bila hata mkwaruzo. Pwani hii imeumizwa vya kutosha na uvuvi wa baruti. Mlipuko chini ya maji hupasua kibofu cha hewa cha samaki, huua makinda pamoja na wakubwa, na huvunja matumbawe ambayo hayarudi kwa miaka mingi. Nalisema hilo kabla sijaendelea, kwa sentensi mbili, kisha picha inaendelea.

La tatu ni maji machafu. Nemo anatoroka kupitia sinki la kutemea mate la daktari, na filamu inashikilia kwamba mifereji yote inaishia baharini. Samaki wa bahari akitiwa kwenye maji ya bomba yasiyo na chumvi anakufa upesi, na choo cha nyumba nyingi huku kinaishia shimoni. Mtoto mwenye huruma akitaka kumwokoa samaki, amrudishe majini alikomtoa. Linalofanana na hilo ni hamu ya kufuga: wakiona rangi za Nemo wanataka kumtia kwenye chupa. Filamu yenyewe iko wazi hapa, kwani Darla, mpwa wa daktari wa meno, aliwahi kumwua samaki kwa kutikisa mfuko, lakini watoto wanakumbuka rangi kuliko onyo.

Kwa upande wa ukweli, watengenezaji walifanya kazi nzuri. Samaki wa aina ya Marlin kweli hukaa ndani ya anemoni, ute wa ngozi yake unamkinga asidhurike, na ni dume ndiye anayelinda mayai na kuyapepea kwa mapezi mpaka yaanguliwe. Aina hasa ya Nemo haipo kwetu, lakini ndugu zake wapo kwenye matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na samaki wa aina ya Dory anapatikana Afrika Mashariki. Anayetaka kuwapeleka watoto wakaone, Msimbati ndiko, wakati maji yametulia, kwa miwani ya kuzamia na mtu mzima anayejua kina. Kasa nao hutaga kwenye fukwe za upande huo, mayai huchukua takriban miezi miwili kuanguliwa, na mama hasubiri. Crush anayelea mtoto mgongoni ni ubunifu wa filamu. Kwa wanafunzi wa sekondari kuna nyongeza ambayo filamu imeiacha: kwenye jamii ya samaki hawa, jike akifa, dume mkubwa hubadilika kuwa jike. Kwa darasa la biolojia ni dhahabu. Kwa wadogo iache.

Neno fupi kuhusu ruhusa. DVD ya nyumbani ni ya nyumbani. Ukitoza kiingilio au ukionyesha hadharani, Bodi ya Filamu Tanzania na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndizo za kuulizwa mapema, si siku ya tukio.

Kasoro zake nyingine ni chache. Mazungumzo ya kwenye tangi yanaenda kasi na wahusika ni wengi. Watoto wanachanganya nani ni nani isipokuwa bunju anayefura na kiti cha pweza (samaki-nyota) aliyeng'ang'ania kioo. Katikati, baada ya kasa, filamu inaruka huku na huku kati ya baba na mwana, na wadogo wanapotea kidogo. Hapo ndipo msimuliaji anaruhusiwa sentensi ya pili.

Usizime majina yanapoanza kupita, kwani wahusika wanaendelea kuogelea kati ya maandishi na kuna samaki mdogo wa kijani anayefanya kituko cha mwisho. Ile ya pili, Finding Dory ya mwaka 2016, ina dakika 97 na inamfaa aliyempenda Dory, lakini vituko vyake vimejaa kwenye jengo la watu na magari kuliko baharini, na wazee wa aina ya Gill na Crush hawana nafasi ile. Ionyeshe wiki nyingine, na uwaanzie na wale walioona ya kwanza.